Kansa ya Ngozi kwa Wazee Wetu: Je, Tungoje Mashine ya Leza?



Katika mikutano ya vikundi hapa Mariakani na upande wa Kaloleni, kuna swali ambalo limerudi mara nyingi. Je, ni kweli kwamba ng'ambo kuna mashine ya mwanga inayomzuia mzee asipate kansa ya ngozi? Na kama ni kweli, kikundi kinaweza kuchanga ili mzee wetu atibiwe kwa mashine hiyo? Kikundi kimoja tayari kilikuwa kimeanza kuhesabu pesa za merigo. Basi tulieleze jambo hili polepole, kabla pesa hazijatoka kwenye sanduku.

Mashine hiyo iko. Inaitwa leza. Ni mwanga mkali uliokusanywa mahali pamoja mpaka ukawa mwembamba kuliko sindano. Daktari akiupitisha usoni, unatoboa ngozi vidoto vingi sana vya moto, kila kimoja kidogo mno, na kati ya kidoto na kidoto anaacha ngozi nzima. Siku chache baadaye ile ngozi iliyochomwa inapona kwa kuota upya.

Sasa, mtu atauliza, kuchoma ngozi kunazuiaje kansa? Jibu liko kwenye uzee wenyewe. Chini ya ngozi kuna chembe hai ambazo kazi yake ni kuilisha na kuitengeneza ile ya juu. Kwa kijana, chembe ya juu ikiharibiwa na jua, zile za chini huipelekea amri: ngoja kwanza, usizaane mpaka umetengenezeka. Kwa mzee, chembe za chini zimechoka na amri haifiki vizuri. Ile iliyoharibika inaendelea kuzaa nyingine zilizoharibika kama yenyewe, na hapo ndipo kansa inapoanza. Leza inafanya kama jembe kwenye shamba lililochoka: inachimbua, na ngozi inapojiponya inaota chembe mpya zenye nguvu ya kutoa ile amri.

Madaktari wa hospitali kuu ya Massachusetts, huko Boston, Marekani, walitoa matokeo yao mwaka 2023. Waliwaangalia watu waliokuwa wamewahi kutibiwa kansa ya ngozi usoni. Kati ya 43 waliopigwa leza, karibu mmoja kwa kila watano alipata kansa nyingine usoni. Kati ya 52 ambao hawakupigwa leza, ilikuwa wawili kwa kila watano. Ni habari njema, lakini angalieni hesabu yenyewe: watu hawafiki hata mia moja, na hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo madaktari wenyewe bado wanaendelea kuchunguza. Tena leza hiyo ilisaidiana na kujikinga jua, haikuchukua nafasi yake.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Utafiti huo ni wa watu weupe. Ngozi yetu nyeusi ina rangi iitwayo melanini, nayo ni kama paa la makuti juu ya nyumba: jua linapiga juu, ndani kuna kivuli. Mzee wa Kigiriama au Mduruma aliyelima juani miaka sitini hapati kwa urahisi ile kansa ya usoni ya mzee wa Kizungu. Kumpiga leza ya kuzuia kansa ni kutibu ugonjwa ambao si wake. Na ngozi nyeusi ikichomwa na leza isiyofaa, au na mtu asiyejua, inaweza kubaki na madoa na makovu. Kwa hiyo mtu akija sokoni au kanisani na makaratasi ya leza ya kuzuia kansa, muulizeni yeye ni daktari wa ngozi wa hospitali gani, kisha mfunge sanduku lenu.

Hii haina maana kwamba kansa ya ngozi haiko kwetu. Iko, ila inaingia kwa mlango mwingine, na mlango huo tunao majumbani.

Wa kwanza ni kidonda ndugu. Kila kijiji kina mzee mwenye kidonda mguuni cha miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Kilianza na mwiba au jembe, au kovu la kuungua moto lililofunguka tena. Kinafungwa kitambaa, kinawekwa majani, kinapona kidogo, kinarudi. Watu wamekizoea mpaka kimekuwa kama mtu wa nyumbani, ndiyo maana kikaitwa ndugu! Lakini nyama inayojaribu kujiponya miaka na miaka bila kufaulu, siku moja inaweza kugeuka kansa. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya vidonda vya namna hii mwaka 1828, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Mara nyingi inachukua miaka mingi sana, na ndiyo sababu inawapata watu wazima.

Kinapogeuka, kidonda hubadilika. Kingo zake zinakuwa ngumu na kuinuka. Nyama inaota juu kama ua la koliflawa. Kinatoka damu kwa kuguswa tu, harufu inazidi, au mtoki unavimba kwenye kinena na hauondoki. Ukiona hata moja katika hayo, mzee aende Hospitali ya Mariakani wiki hiyo hiyo, asingoje mavuno. Pale watampima au watamwandikia aende Kilifi au Coast General, Mombasa. Daktari atakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Wengi wanakiogopa kisu hicho wakisema kansa ikiguswa inasambaa. Si kweli. Bila kipande hicho daktari anakisia tu. Kikikutwa mapema hukatwa na mguu ukabaki, na kikicheleweshwa mguu wote unaweza kwenda, na baada ya mguu, mtu.

Hapa niseme jambo ambalo halipendezi kusemwa. Kidonda kisichopona watu hukiita uchawi. Na likishaitwa uchawi, anatafutwa mchawi, na anayetafutwa ni mzee mwingine mwenye mvi. Sisi wa Kilifi tunajua maneno ya namna hiyo yameishia wapi. Kaya Godoma, huko Ganze, wamekimbilia wazee waliotishiwa kuuawa na damu yao wenyewe. Kwa hiyo kumpeleka mzee mmoja hospitali akapimwe kidonda kunaweza kuokoa wazee wawili.

Jambo la pili ni dogo lakini msilisahau: doa jeusi kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, ambalo linapanuka au kutoka damu. Vijana wanamjua mwimbaji Bob Marley. Kansa yake ilionekana kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Naye alikuwa na melanini. Wazee wetu wanaotembea pekupeku waangaliwe nyayo.

Mlango wa tatu ndio mpana kuliko yote, nao ni wa ndugu zetu wenye ualbino. (Yale majina mengine ya zamani tuyaache, yanaumiza.) Hawa hawana lile paa la makuti. Na sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, jua la Mariakani halina mchezo. Mwaka 1985 Tanzania walitoa matokeo ya kuwachunguza watu 350 wenye ualbino katika Dar es Salaam: ngozi ilikuwa imeanza kuharibika hata kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kansa zilizokomaa zilionekana zaidi kwa watu wa miaka ya thelathini na kitu. Kwa hiyo kwa mtu mwenye ualbino, uzee wa ngozi unaanza mtu akiwa bado kijana. Ukisikia kikundi kina mwanachama mwenye ualbino wa miaka hamsini, mjue kuna mtu alimtunza vizuri, pengine mama yake.

Hatuhitaji leza kwa hili. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992. Wanatengeneza wenyewe mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun, wanawagawia watu wenye ualbino, na wanawafundisha. Madoa yanayoanza kuwa magumu wanayagandisha kwa hewa ya naitrojeni iliyobaridi sana mpaka yanabanduka, kabla hayajawa kansa. Kenya nayo, katika bajeti ya mwaka 2011, ilitenga shilingi milioni 100 kwa kazi hii, na mafuta hutolewa bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na hospitali za serikali. Ila mtu lazima awe amesajiliwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 9,729 wenye ualbino Kenya nzima. Kikundi kiangalie kama wa kijijini kwake wana kadi ya Baraza. Na wote, wazee na wenye ualbino, waandikishwe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mapema, si siku ya kulazwa.

Lakini mafuta peke yake hayatoshi, na yanaweza kukosekana. Nguo ndiyo dawa ya kwanza: mikono mirefu, leso nzito au suruali ndefu, kitambaa ambacho ukikiinua juani huoni mwanga ukipenya. Kazi ya shamba ifanywe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Kikundi kinaweza kumpa mwanachama mwenye ualbino kazi ya kivulini, kama kuandika vitabu vya hesabu au kuuza duka, na si kwa huruma, ni kwa akili. Mawingu yasimdanganye mtu, jua linapita.

Na kofia. Ile ya mpira ya vijana inafunika paji tu, masikio na shingo vinabaki nje, na hapo ndipo kansa inapenda. Kina mama wa miyaa, hapa ndipo kazi yenu: sukeni kofia yenye ukingo wa shubiri moja kuzunguka pande zote, suko la kubana, na uzi wa kufunga kidevuni upepo usiichukue. Za watoto wa shule zishonewe kitambaa cha kufunika shingo nyuma. Mafuta yakipatikana, yapakwe nusu saa kabla ya kutoka, yarudiwe kila baada ya saa mbili na baada ya jasho, bila kusahau masikio, midomo na nyuma ya shingo. Chupa ikae kivulini, si juu ya dirisha la bati.