Tarakimu Nane na Usalama wa Ruta ya Nyumbani

Mtandao usiotumia waya husafirisha taarifa kwa mawimbi ya redio ambayo hayakomei kwenye kuta za nyumba, na kwa sababu hiyo mtu aliye jirani anaweza kuyanasa bila kugusa kifaa chochote cha mwenye nyumba. Kinga yake ni kuyafanya yasieleweke, kazi inayoitwa usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe kwa kanuni ya hisabati na ufunguo wa siri hata asiye na ufunguo huo asiambulie kitu.

Mfumo wa kwanza wa kazi hiyo, WEP, uliokuja na kiwango cha mitandao hiyo cha mwaka 1997, ulivunjwa mwaka 2001 na Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, wala hapana sababu ya kuutumia leo. WPA ya mwaka 2003 ilikuwa kiraka cha muda, ikafuatwa mwaka 2004 na WPA2, inayotumia kanuni ya AES na ambayo bado imeenea, kisha WPA3 iliyotangazwa mwaka 2018.

Ubora wa WPA2, hata hivyo, haumwokoi mwenye nywila dhaifu. Simu inapojiunga na ruta, pande hizo mbili hupeana jumbe nne za kuthibitishana, na mdukuzi akizinasa huondoka nazo, akabahatisha nywila kwenye kompyuta yake mwenyewe bila ruta kujua lolote. Namba ya simu, inayopendwa kwa kuwa haisahauliki, ni nywila mbaya mno: nchini Tanzania na Kenya ina tarakimu 10, mbili za mwanzo zinajulikana, na nane zinazobaki hazizidi michanganyiko milioni 100 kwa kila kianzio, hesabu ambayo kompyuta yenye kadi ya michoro ya kuchezea gemu huimaliza ndani ya saa moja. Maneno matano yaliyookotwa ovyo, yasiyohusiana, yana nguvu zaidi na hukaririka. WPA3 huziba mwanya huo wa kubahatisha bila ruta kujua, kwa kumlazimu mdukuzi aiulize ruta yenyewe kwa kila jaribio.

Tarakimu nane nyingine zimo ndani ya WPS, njia iliyobuniwa ili kifaa kijiunge na mtandao bila kuandika nywila ndefu. Namba yake ya siri huonekana kubeba uwezekano milioni 100, lakini mwaka 2011 Stefan Viehböck alidhihirisha kwamba tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na saba zilizotangulia, na kwamba ruta huzihakiki nne za kwanza peke yake kabla ya kuzigusa zinazofuata, hivyo majaribio 10,000 ya nusu ya kwanza na 1,000 ya nusu ya pili yanatosha. Akishaipata namba hiyo, mdukuzi hukabidhiwa na ruta nywila yenyewe, hata iwe na herufi 60. WPS, basi, izimwe.

Nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta ni nyingine kabisa, na aghalabu hubaki ile ya kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, kisha ikavitumia vifaa hivyo kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani. Kuficha jina la mtandao, ushauri unaorudiwa mno, hakusaidii, kwa kuwa simu hulitaja hewani zinapojiunga.

Kasoro ya KRACK, iliyofichuliwa na Mathy Vanhoef wa Ubelgiji mwaka 2017, iliwezesha kusomwa kwa baadhi ya mawasiliano ya WPA2 bila nywila kujulikana, na sehemu kubwa ya tiba yake ilihitajika kwenye simu na kompyuta, si kwenye ruta pekee. Simu au kamera ambayo mtengenezaji ameacha kuisasisha inafaa kuwekwa kwenye mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi huutenga na ule wenye kompyuta ya kazi.