Baba mtarajiwa na mafumbo ya nyimbo za kubembeleza watoto

KATIKA vijiji vya Mpapura, Wilaya ya Mtwara, kama ilivyo kwingi nchini, si jambo geni mwanamke mwenye mimba ya kwanza kurudi kwa mama yake ili ajifungulie mikononi mwa watu wake. Mume aliyekulia mjini, na asiyejua Kimakonde zaidi ya salamu, humfuata huko akiwa na mfuko wa nguo za mtoto na maswali mengi. Moja kati ya hayo haliulizwi kliniki: nyimbo hizi wanazoimbiwa watoto zina maana gani?

Swali hilo lina msingi. Nyimbo za kubembeleza watoto, za pwani na za bara, zimejaa habari zisizolingana na usingizi: mama aliyekwenda shamba na hajarudi, baba aliyesafiri, chakula kisichotosha, mnyama mkali anayewangoja nje watoto wanaolia. Mengine ni maneno ambayo hata mwimbaji hawezi kuyafafanua. Baba mtarajiwa akikaa barazani akasikiliza kwa makini, huanza kushuku kwamba anasemwa yeye.

Huenda hakosei sana. Wataalamu wa fasihi simulizi huziita nyimbo hizi bembea au bembelezi, na kitenzi chenyewe kina pande mbili. Mtoto hubembelezwa alale, lakini mdai naye hubembelezwa asubiri, na mke aliyenuna hubembelezwa arudi. Mtoto mchanga hafahamu maneno. Anachopokea ni sauti, mwendo wa polepole na joto la mgongo. Kwa hiyo maneno hubaki mali ya mwimbaji, ambaye kwa kisingizio cha kumlaza mtoto anaweza kutaja uchovu, njaa, ukali wa mkwe au uzembe wa mume, na asiambiwe kwamba anasengenya. Wenye kupaswa kusikia wako hapo hapo nyumbani.

Kwa Wamakonde, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama na kumpa mjomba sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, mume anayekaa ukweni ni msikilizaji wa kando. Aidha, wanawake wanaoimba wamepitia unyago, ambako nyimbo hufundisha kwa mafumbo na tafsiri hutolewa kwa aliyestahili. Mgeni asiyeelewa hapaswi kushangaa.

Habari ya baba asiyekuwapo nayo ina mizizi ya kweli katika maisha ya kusini. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa huku, pamoja na Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwakusanya vibarua kwa mikataba, na vibarua hao wakaitwa manamba kwa sababu walitambuliwa kwa namba zao. Nyumba nyingi zilibaki na akina mama na watoto. Wimbo unaouliza baba yuko wapi haukuhitaji mtunzi mwenye kipaji cha kubuni.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Si kila neno la ajabu lina siri ya kihistoria nyuma yake. Waingereza wengi huamini kwamba mchezo wao wa ‘Ring a Ring o' Roses’, ambamo watoto huzunguka kwa duara na kuanguka, unakumbuka tauni ya London ya mwaka 1665. Iona na Peter Opie, waliochapisha kamusi kubwa ya nyimbo za watoto mwaka 1951, hawakuikubali hadithi hiyo: wimbo ulianza kuchapwa katika karne ya 19 tu, na tafsiri ya tauni ikaja baadaye sana. Watoto wa pwani nao huzunguka kwa duara katika mchezo wa ukuti, na hakuna anayetafuta maradhi humo.

Baba huyo huyo atakutana na mafumbo mengine mtoto atakapoanza shule ya awali inayofundisha kwa Kiingereza. Humpty Dumpty ni yai, kila mtoto anajua, lakini wimbo wenyewe haulitaji yai popote. Inaaminika kilikuwa kitendawili. Picha za vitabuni zikatoa jibu, na watu wakasahau kwamba waliulizwa swali. Wimbo mwingine mashuhuri wa Kiingereza wa kumlaza mtoto unamweka juu ya mti, kisha tawi linavunjika. Na bembelezi moja ya Babeli, iliyoandikwa kwenye kibao cha udongo takriban miaka 4,000 iliyopita, inamlaumu mtoto kwa kumsumbua mungu wa nyumba kwa kilio chake.

Kwa mtoto, haya yote si kitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto wachanga wa Marekani walitulia, na mapigo ya moyo yakapungua, waliposikia bembelezi za lugha wasizowahi kuzisikia.

Usikivu huanza kabla ya kuzaliwa, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mwaka 1980 ilithibitishwa kwamba mtoto aliyezaliwa karibuni huipendelea sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine. Jaribio la mwaka 1984 kuhusu sauti za akina baba halikuleta habari njema: watoto waliweza kutofautisha sauti za wanaume, ila hawakuipendelea ya baba. Mama ameimba kutoka ndani kwa miezi. Baba huanza mtaji wake siku ya kuzaliwa, na hakuna kinachomzuia kuimba hata kama maneno hayajui.

La kuangalia ni umri. Zimwi la kwenye wimbo halimdhuru mtoto wa miezi mitatu. Akifika miaka miwili au mitatu, maneno huanza kuwa na maana, na zimwi hilo huhamia chini ya kitanda. Hapo bibi hubadilisha beti, au huacha maneno na kubaki na mlio tu.