UVUMI NA UTAPELI WA SIMU: WANAFUNZI TUULINDE MTAA WETU



Ndugu wanafunzi na wazazi, tukisikia maneno "usalama wa taifa", akili zetu hukimbilia askari, bunduki na mipaka. Hayo ni sehemu tu ya jambo lenyewe. Siku hizi nchi inaweza kuvurugwa bila ya risasi hata moja. Wataalamu huita madhara haya vitisho mseto, kwa kuwa yamechanganyika: uongo unaosambazwa kwa makusudi, wizi wa kwenye simu, na uchochezi wa kuwagombanisha watu wa dini au makabila mbalimbali. Kila kimoja peke yake huonekana kidogo. Vikikutana, watu huacha kuaminiana, na jamii isiyoaminiana ni rahisi kuvunjika.

Je, yamewahi kutufika?

Ndiyo. Oktoba 2012, huko Mbagala, watoto wawili walibishana kuhusu Qur-an, na mmoja wao, asiyekuwa Mwislamu, akaukojolea Msahafu. Kitendo kilikuwa kibaya, lakini mtendaji alikuwa mtoto, na tayari alikuwa mikononi mwa Polisi. Habari ilipoenea, umati ulikwenda kituoni kumdai. Makanisa kadhaa yakashambuliwa na watu zaidi ya 100 wakakamatwa. Tarehe 19 ya mwezi huo, baada ya sala ya Ijumaa, vurugu zikafika hapa Kariakoo na Polisi wakatumia mabomu ya machozi. Tujiulize: jirani Mkristo ambaye hata hakumjua mtoto yule alikuwa na kosa gani?

Kwa majirani zetu Rwanda mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 1994 redio RTLM ilichochea mauaji ya halaiki. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio hiyo na gazeti la Kangura. Dunia ilikubali kwamba neno linaweza kuwa silaha.

Kwa nini Kariakoo?

Kariakoo ni soko la nchi nzima, na wafanyabiashara huja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Uganda. Neno likisemwa Mtaa wa Kongo asubuhi, jioni limeshafika mbali. Jengo lilipoporomoka hapa tarehe 16 Novemba 2024, watu wengi walikuwa wakitafuta ndugu zao. Wakati kama huo, ujumbe mmoja wa uongo unaweza kumzimisha mzazi kwa mshituko. Na hapa sokoni neno "mwizi!" likipigiwa kelele bila ya uhakika, linaweza kumtoa roho mtu asiye na hatia.

Dini inatufundisha nini?

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tunaamrishwa kuihakiki habari anayoileta mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wanazuoni wetu wa Hadithi, kama Imam Bukhari, waliifanya kazi hii kuwa elimu kamili. Hawakuuliza tu "kimesemwa nini?" bali "nani kasema, kasikia kwa nani, na ni mkweli?" Ujumbe wa simu ulioandikwa "sambaza haraka" hauna isnadi. Basi mwanafunzi wa madrasa anayo mizani tayari, kilichobaki ni kuitumia.

Miradi tunayoweza kuifanya

(a) Ubao wa habari. Kila wiki wanafunzi wachague uvumi mmoja unaozunguka mtaani, waulize kwa mwalimu, ofisi ya serikali ya mtaa au chombo cha habari kinachoaminika, kisha waandike jibu ubaoni. Uvumi unaomtaja mtu kwa jina usiandikwe kabisa, maana hiyo itakuwa ni kusengenya.

(b) Darasa la simu kwa wazee. Bibi zetu na mama lishe hupokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tuwafundishe mambo matatu: wasimpe mtu namba ya siri, hata akisema anatoka kampuni ya simu, waupeleke ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, na wapige *106# kuona kama kuna laini za watu wengine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Mwanafunzi naye asiombe kuiona namba ya siri ya mzee anayemfundisha.

(c) Usafi wa pamoja. Tuwaalike vijana wa Kikristo wa mtaa wetu tusafishe mitaro pamoja kabla ya mvua za masika. Mtu uliyeshika naye koleo, ukisikia uongo juu yake, utamwendea kumuuliza kwanza.

Tahadhari

Sisi si Polisi. Tusimfuatilie mtu, tusimpekue, wala tusimtangaze kuwa ni mhalifu. Tukiona jambo la hatari tumwambie mzazi, mwalimu au mjumbe, nao wataripoti panapohusika. Pia tusiusambaze uongo hata kwa nia ya kuukanusha, kwani wengi watasoma uongo na kuliacha kanusho.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayemwona baba akisambaza kila kinachoingia kwenye simu, hatafundishika kwa ubao wa madrasa. Haki yake ni kumwona baba akisema, "Ngoja kwanza tuulize."

Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kuhakiki kabla ya kusema, na aulinde mji wetu na watu wake wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.