Je, Wajua? Sindano Ikishadunga, Huenda Wapi?

Je, wajua kwamba mtu mmoja anayejidunga heroini anaweza kuhitaji sindano zaidi ya 1,000 kwa mwaka? Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, kisha arosto inabisha hodi: kamasi, mifupa kuuma, kuharisha. Akijidunga mara tatu kwa siku, mwaka mzima ni mara 1,095. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kumfikishia kila anayejidunga sindano safi 300 kwa mwaka ifikapo 2030, na hilo ni chini ya theluthi moja ya hesabu hiyo.

Na zikishatumika? Jijini Mwanza, kilichotupwa mlimani hushuka. Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, na mvua ikinyesha, mitaro husomba kila kilichoachwa kando ya njia. Huko chini kuna watoto wanaoogelea, akina mama wanaofua, na wavuvi wanaokanyaga ufukwe peku.

Chooni je? Nyumba nyingi za vilimani zimekaa juu ya mwamba, na kuchimba shimo refu la choo ni kazi ngumu mno. Ndiyo sababu mamlaka ya maji, MWAUWASA, ilipeleka mitandao ya majitaka yenye mabomba membamba katika baadhi ya mitaa hiyo. Sindano iliyotumbukizwa chooni haijapotea. Inamsubiri fundi atakayekuja kuzibua au kutapisha.

Je, wajua kwamba kirusi cha homa ya ini C kimewahi kukutwa hai ndani ya bomba la sindano baada ya siku 63? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo hayo mwaka 2010. Virusi vya Ukimwi navyo vilikutwa hai hadi siku 42 kwenye mabomba yaliyohifadhiwa kwenye ubaridi wa friji. Joto huvimaliza mapema: kwenye nyuzi 27 na zaidi, baada ya siku saba, chini ya bomba moja katika kila 100 lilikuwa bado na VVU hai. Kwa hiyo joto letu linasaidia dhidi ya VVU, lakini asije mtu akalitegemea jua kama dawa.

Bomba lenyewe nalo lina siri yake. Lile ambalo sindano yake huchomolewa hubakiza damu nyingi zaidi shingoni mwake hata baada ya kusukumwa hadi mwisho. Vipimo vilionyesha mikrolita 84 hivi, dhidi ya mikrolita 2 tu kwenye bomba la insulini ambalo sindano yake haitoki. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri programu za kugawa sindano ziwe pia na mabomba haya yanayobakiza damu kidogo.

Mzoa taka akichomwa, hatari yake ni kiasi gani? Takwimu zinazotumika zimetoka kwa wahudumu wa afya waliochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa. Kwa VVU, takriban watu 3 kati ya 1,000 huambukizwa. Kwa homa ya ini B, ikiwa aliyechomwa hakuchanjwa, ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Tunaiogopa sana ile ya kwanza na kuisahau hii ya pili, ambayo huambukiza kwa urahisi zaidi mara nyingi.

Kugawa sindano safi na kukusanya zilizotumika kulianzia Amsterdam mwaka 1984. Duka moja la dawa lilikuwa limekataa kuwauzia wanaojidunga, homa ya ini B ilikuwa inaenea, na watumiaji wenyewe ndio waliojipanga na idara ya afya ya jiji. Kwetu Tanzania Bara, shirika la Médecins du Monde lilianza kazi hiyo Temeke, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mombasa, mashirika ya Reachout Centre Trust na MEWA yameifanya pia. Waelimisha rika, wengi wao waliowahi kutumia, hupita maskani na koleo, glavu na boksi, wakiokota kilichoachwa na wenzao.

Sasa hili ndilo ninalotaka msomaji alishike. Wengi hudhani kwamba ukigawa sindano, mitaa itajaa sindano. Utafiti uliochapishwa 2012 ulilinganisha miji miwili ya Marekani: San Francisco, uliokuwa na programu hizo, na Miami, ambao haukuwa nazo. Watafiti walitembea mtaa kwa mtaa wakihesabu sindano zilizotupwa ovyo. Miami ilikuwa nazo mara nane zaidi. Miami ilifungua programu yake Desemba 2016, na hesabu iliporudiwa, sindano za mitaani zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu.

Sababu si fumbo. Anayeogopa kukamatwa na bomba lenye damu mfukoni huliacha palepale alipojidungia. Akijua kuna mahali atakapolipeleka bila kutukanwa wala kuitwa teja, atalibeba. Na tusimdai sindano kuukuu moja ndipo tumpe mpya moja. Miongozo ya kimataifa haiungi mkono sharti hilo, kwa kuwa aliyekuja mikono mitupu ataondoka na kwenda kuazima ya mwenzake.

Kurudia sindano iliyotumika hakukuanza na heroini. Miaka ya 1990, mtafiti Harriet Birungi aliandika jinsi familia nchini Uganda, zikiwamo za Busoga upande wa kaskazini wa ziwa hili, zilivyoweka bomba na sindano nyumbani kwa kuogopa zile za hospitali baada ya Ukimwi kuingia. Hofu yao ilikuwa na msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000, sindano chafu za matibabu ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini B duniani kote.

Mabomba yanayojifunga baada ya kutumika mara moja yameokoa chanjo: mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitaka yatumike katika chanjo zote ifikapo mwisho wa 2003. Lakini anayejidunga kwenye mshipa huvuta kwanza damu kidogo ili ajue ameupata, na bomba la kujifunga humkwamisha. Ndiyo maana programu hugawa ya kawaida, na ndiyo maana boksi la kutupia ni muhimu kuliko bomba.

Boksi la usalama la lita 5 huchukua takriban sindano 100 pamoja na mabomba yake, na hufungwa likifika robo tatu. Yule mtu wetu wa mara 1,095 anahitaji maboksi yasiyopungua 11 kwa mwaka.

Huna boksi? Tumia dumu gumu la mafuta ya kupikia, lenye mfuniko wa kuzungusha. Usirudishe kifuniko cha sindano, maana hapo ndipo vidole huchomwa. Usitumie chupa ya maji: sindano huipenya, na chupa za plastiki zina soko, kwa hiyo mwokota chupa wa dampo la Buhongwa ataifungua. Hili linawahusu pia wenye kisukari wanaojidunga insulini nyumbani.

Moto wa taka hauyeyushi sindano. Chuma chake huhitaji nyuzi zaidi ya 1,300. Moto wa shimoni huunguza plastiki na kuiacha ncha. Tanuri za De Montfort, zilizobuniwa katika chuo kikuu cha jina hilo mjini Leicester na kujengwa katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, huua vijidudu, lakini majivu yake bado huchoma na lazima yafukiwe kwenye shimo la zege.

Methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, hupunguza sindano kuliko boksi lolote. Hunywewa mara moja kwa siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na Mwanza inatolewa Hospitali ya Sekou Toure, bila malipo.

Ukichomwa: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usipake jiki. Fika kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28.

Na chanjo ya homa ya ini B? Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Mzoa taka aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na kila anayeshika taka za jiji hili anastahili kupewa kabla hajakabidhiwa toroli.