Simu ya mkononi na simu iliyoshikwa mkononi

*Simu ya mkononi* ni jina la kifaa: simu isiyo na waya ambayo mtu hutembea nayo. Jina hilo halibadiliki simu ikiwa mfukoni, mezani au juu ya dashibodi. *Simu iliyoshikwa mkononi* hueleza hali ya kifaa kwa wakati fulani. Katika mazungumzo tofauti hii haina uzito. Katika sheria za barabarani huamua nani ametenda kosa.

Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu Usafiri wa Barabarani, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2006, kinazitaka sheria za nchi zimkataze dereva kutumia simu aliyoishika chombo kikiwa katika mwendo. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinataja simu ya mkononi kwa jumla, na faini yake ni shilingi 2,000. Mfasiri anayeandika «simu ya mkononi» katika matini ya kwanza amelipanua katazo. Anayeandika «iliyoshikwa» katika ya pili amelipunguza.

Chukua mfano wa barabara ya Muhutwe–Kamachumu–Muleba, mkoani Kagera. Dereva wa teksi anazungumza kwa simu iliyofungwa kwenye dashibodi. Mwendesha bodaboda anayempeleka mgonjwa hospitali ya Ndolage amechomeka yake kati ya sikio na kofia ngumu, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Wote wawili wanatumia simu ya mkononi, hakuna aliyeishika.

Usemi wa wakati nao una mtego. *Wakati wa kuendesha* huweza kumhusu hata dereva aliyesimama kidogo kupisha ng'ombe, injini ikiunguruma. *Chombo kikiwa katika mwendo* haumhusu.

Suala hili si la darasani tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973, kabla ya simu hizi kufika nchini, na iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini humo. Kwa hiyo neno analolichagua mfasiri ndilo atakalolisoma askari barabarani na hakimu mahakamani.

Matumizi bora: kwa kifaa, *simu ya mkononi* au *rununu*; kwa hali, *simu iliyoshikwa mkononi*, bila kufupisha.