Kanuni za kujifanya pamoja: walichotuachia wacheza beni

Vijana wetu huku ughaibuni wana mchezo ambao wazazi wengi hawauelewi. Watu kadhaa, wengine hawajawahi kuonana ana kwa ana, wanakubaliana kutunga hadithi moja. Kila mmoja anachukua mhusika wake: huyu malkia, yule mganga, yule askari mtoro. Mmoja anaandika mhusika wake amefanya nini, mwenzake anajibu kwa kinywa cha mhusika mwingine, na hadithi inasonga hivyo kwa wiki na miezi. Kabla ya kuanza wanawekeana kanuni: nani ana mamlaka gani, lugha ipi haivumiliki, na anayechoka anajitoa vipi.

Kwa mzazi aliyekulia Mollo au Laela, kwetu Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mambo haya yanaonekana ya kigeni na ya kupoteza muda. Mimi naona ni ya kwetu kabisa. Babu na bibi zetu wa Afrika Mashariki walijifanya wafalme, majenerali na madaktari mbele ya watu, wakawa na taratibu kali za kufanya hivyo. Tukizijua taratibu zile, tutawasaidia vijana wetu kuweka kanuni zilizo bora zaidi.

Ngoma iliyojaa vyeo

Miaka ya 1890, katika miji ya pwani ya Kenya kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Wachezaji walichukua gwaride, ngoma kubwa na tarumbeta za bendi za kijeshi, wakatunga nyimbo zao kwa Kiswahili. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi. Kwetu Tanganyika, enzi za Wajerumani, vikatawala vyama viwili: Marini, kilichojulikana zaidi kwa waungwana na wasomi wa mjini, na Arinoti, kilichowavuta zaidi watu wa bara na wenye kazi za chini.

Utamu wa beni ulikuwa kwenye vyeo. Chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makapteni wake, hata daktari. Karani wa kawaida au mpagazi angeweza kuitwa mfalme siku ya ngoma, akapigiwa saluti na watu wanaojua fika kwamba kesho anarudi kubeba mizigo. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, akionyesha kwamba ngoma hii ilikuwa na maana zaidi ya kuwaiga Wazungu tu. Ilikuwa njia ya watu kupangana, kushindana na kupeana heshima ambayo serikali iliwanyima.

Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza. Askari na wapagazi waliibeba hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Uwanda wa Ufipa ulikuwa kwenye mapito ya vita hiyo. Ngome ya Wajerumani ya Bismarckburg, yaani Kasanga yetu kwenye Ziwa Tanganyika, ilichukuliwa na Waingereza Juni 1916. Ng'ambo kidogo ya mpaka, Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ndiko kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikosalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918. Watu waliotawanyika kutoka vitani waliondoka na nyimbo na vyeo vyao vya kuchezea.

Daktari asiyetibu, nesi mwenye kioo

Ukitaka kuona mchezo huu kwa karibu, nenda Luanshya, mji wa machimbo ya shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1951. Mtafiti J. Clyde Mitchell aliitazama huko ngoma ya kalela, mjukuu wa beni, ikichezwa na vijana wa Kibisa, akaandika habari zake mwaka 1956. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Kulikuwa na mfalme aliyevaa suti. Kulikuwa na daktari wa joho jeupe lenye msalaba mwekundu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatia moyo wachezaji. Na kulikuwa na nesi, mwanamke pekee kundini, aliyezunguka na kioo na kitambaa ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho abaki nadhifu.

Mtazame nesi yule. Hakuna aliyemtarajia achome sindano, wala yeye hakuwa na haja ya kuongoza ngoma. Alikuwa na nafasi yake, wenzake wakaiheshimu, na nafasi hiyo ilikuwa ya kuwahudumia wengine. Kundi la hadithi linasimama likiwa na watu wa namna hiyo. Linavunjika pale kila mmoja anapotaka kuwa mfalme, au mmoja anapoanza kuwaamulia wahusika wa wenzake waseme nini na wafe lini.

Utani ndio uliofungua njia

Nyimbo za kalela zilikejeli makabila mengine waziwazi, na watu wa makabila hayo walisimama pale wakicheka. Mitchell aliliunganisha jambo hili na utani, ambao Mtanzania yeyote anaujua bila kufundishwa. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumnunia kwa kutoleta sukari. Mtani anaingia msibani, anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, anazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wanajikuta wanacheka katikati ya machozi.

Utani una kanuni tatu ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazishika. Kwanza, unamtania mtani wako tu. Asiye mtani ukimwambia maneno yale yale, umemtukana. Pili, ukitaniwa hukasiriki, kwa sababu zamu yako inakuja. Tatu, na hii ndiyo nzito, mtani ana wajibu. Yule yule anayekejeli msibani ndiye anayechimba kaburi, anayepika na anayebaki na wafiwa. Kejeli yake inavumilika kwa kuwa watu wanajua atawajibika.

Hadithi zetu za jioni nazo zina mlango. Msimulizi anasema "Paukwa," wasikilizaji wanaitika "Pakawa." Wakishaitika wamekubali kwamba kinachofuata ni cha kubuni, na sungura akimdanganya fisi hakuna atakayemshtaki msimulizi kwa uongo.

Kanuni zilipolegea

Mchezo huu wa vyeo na kejeli uliumiza pia. Katika miji ya pwani, vyama vya beni vilishindana kwa karamu na mavazi mpaka watu wakaingia gharama wasizoziweza, na nyimbo za mafumbo zikageuka ugomvi wa kweli. Wanawake wa Mombasa waliokuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, navyo vyenye vyeo, walipita humo humo: nyimbo za kuumbuana na mashindano ya kuchinja na kulisha. Cheo cha kuchezea kilipoanza kutumika kumdhalilisha mtu nje ya ngoma, mchezo ulikuwa umekwisha.

Kanuni ningewapa vijana wetu

Fungueni na kufunga mlango. Ijulikane wazi lini anasema mhusika na lini anasema mtu mwenyewe, kama paukwa na pakawa.

Cheo kitoke kwa wenzako. Katika beni kila cheo kilisimama kwa sababu chama kilikitambua. Anayejivika uwezo wa kushinda kila pambano anaua hadithi.

Kila mtu ana mamlaka juu ya mhusika wake. Unaweza kumrushia mkuki. Kama umempata au umemkosa, atasema mwenyewe.

Kejeli iende kwa aliyekubali. Matusi ya kabila, dini, ulemavu au umbo hayawi halali kwa sababu tu yametoka kinywani mwa mhusika. Na watoto wasiingizwe katika mambo ya watu wazima, hata kwa jina la kubuni.

Anayetaka kutoka atoke kwa heshima, bila kuulizwa maswali kama ya polisi.

Na ya mwisho: mjaliane nje ya hadithi. Vyama vya beni vilisaidia wageni mjini, vilichangia wagonjwa, vilizika wanachama waliofia mbali na ndugu zao. Kwa mtu aliyeacha uwanda wa Ufipa kwenda kwenye mashamba ya mkonge au machimbo ya shaba, kuwa na watu wa kumzika lilikuwa jambo kubwa kuliko kuitwa jenerali. Sisi wa huku tunalielewa hilo vizuri, kwa sababu ndilo tunalochangishana kila mwezi katika vyama vyetu.

Kwa hiyo mzazi, usianze kwa kumkataza mwanao. Muulize anacheza nafasi gani, kanuni zao ni zipi, na siku akiugua ni nani kati ya wenzake atakayemjulia hali. Akikosa jibu la swali hilo la mwisho, mwambie habari za beni, kisha mkae wote mwandike kanuni inayokosekana.