Ishirini ni Makumi Mawili: Kumfundisha Mtoto Hesabu kwa Mikono

Mzazi hufurahi asikiapo mtoto wake mdogo akitaja moja, mbili, tatu, hata kufika ishirini bila kukosea. Ni haki afurahi, lakini kazi haijaisha. Mtoto aweza kutaja hesabu kama aimbavyo wimbo, asijue saba ni vitu vingapi. Mwekee rundo la maharagwe, umwambie akupe saba. Huenda akakupa konzi nzima. Hapo utajua kama amejifunza hesabu au amejifunza sauti tu.

Basi na tuanze na vitu. Maharagwe, vijiti na vifuniko vya chupa vyatosha. Kwa mtoto mdogo sana tumia vitu vikubwa, kwa maana punje hutiwa puani au kumezwa. Mtoto aguse kitu kimoja, ataje neno moja, kisha akisogeze kando. Akimaliza, mwulize, "Ni vingapi?" Lazima afahamu kwamba neno la mwisho ndilo jumla ya vyote.

Kisha vitandaze vitu vile vile viwe mbali mbali, umwulize kama vimeongezeka. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliyefariki mwaka 1980, alionyesha kwamba watoto wa miaka minne au mitano mara nyingi hujibu ndiyo. Mtoto asigombezwe kwa jibu hilo. Avihesabu tena mwenyewe, na macho yake yatamfundisha.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni makumi. Tusemapo "kumi na moja," maana iko wazi. Lakini ishirini, thelathini na arobaini ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na sikio la mtoto halisikii kumi ndani yake. Mkikuyu asemapo "mirongo iiri" asema makumi mawili waziwazi. Kwa hiyo mzazi asione aibu kuanza na lugha ya nyumbani, kisha amweleze mtoto kwamba ishirini ni makumi mawili.

Amweleze kwa vijiti. Kila vijiti kumi vifungwe kwa uzi viwe fungu moja. Ishirini na saba ni mafungu mawili na vijiti saba. Ongeza vijiti vitano: sasa vilivyo nje ya mafungu ni kumi na viwili. Mtoto afunge kumi; fungu la tatu limepatikana, na viwili vimebaki. Jibu ni 32. Mtoto asiyepata kufunga fungu hilo kwa mikono yake aweza kuandika 212, kwa kuwa ameambiwa "beba moja" bila kujua anabeba nini.

Njia hii si ngeni. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto shanga zilizotungwa kumi kumi. Mtaala wa Kenya ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 nao wataka watoto wajifunze kwa kutenda.

Robo saa ya kila jioni yatosha, wala haihitaji fedha. Kalamu na ifuate mikono, isiitangulie. Mtoto huyu ndiye atakayesoma kesho risiti ya maziwa au ya majani ya chai. Heri ajue mapema kila tarakimu inasimama badala ya nini, asije akapunjwa jasho lake.